Penzi Lililoachwa Nusu

Katika kifodi kinachotoka Tengeru kwenda Arusha mjini siku ya gulio, dada mmoja amebanwa kati ya matenga ya nyanya na mikungu ya ndizi, lakini macho yake hayatoki kwenye simu. Anasoma simulizi, sehemu ya 41. Walipendana shuleni, kijana akaenda Mererani kuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo wa tanzanite, mawasiliano yakakatika, binti akaolewa, ndoa ikavunjika. Miaka tisa baadaye wanagongana soko la Kilombero. Hapohapo mwandishi anakata: itaendelea.

Visa vya wapenzi waliopotezana ni vya zamani. Jane Austen wa Uingereza aliwatenganisha wahusika wake kwa miaka minane katika Persuasion, riwaya iliyotoka mwishoni mwa 1817. Kwetu, Eric Shigongo alijipatia wasomaji lukuki kwa hadithi za mapenzi na mikasa zilizotoka magazetini kipande kwa kipande. Kwa nini basi mpenzi wa zamani, hata wa kubuni, anatushika kuliko mpya?

Jibu ninaloliamini lilianzia Berlin. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alieleza kwamba kazi iliyokatizwa hukumbukwa kuliko iliyokamilika. Dai hilo limeenea mno, ila halikusimama vizuri: uchambuzi wa mwaka 2025 uliojumlisha tafiti nyingi haukuiona tofauti hiyo ya kumbukumbu. Kilichosimama ni kazi ya mwenzake, Maria Ovsiankina, ya mwaka 1928. Aliwapa watu kazi ndogondogo, akawakatiza katikati, kisha akawaacha bila kuwaagiza lolote. Wengi walizirudia wenyewe, bila kuahidiwa hata senti.

Naona nguvu ya visa hivi iko hapo. Msomaji anataka kumalizia kilichoachwa nusu, na simulizi ya simu inamkatiza mara mbili: penzi limekatika ndani ya kisa, na kisa chenyewe kinakatika kila jioni. Tena analimalizia penzi hilo bila gharama. Hakuna ndoa inayovunjika, hakuna mtoto anayehamishwa shule.

Mwili nao una sehemu yake. Mwaka 2010 Helen Fisher na wenzake walichapisha utafiti wa watu 15 walioachwa karibuni na ambao bado walipenda. Wakiwa ndani ya mashine ya MRI, walionyeshwa picha ya aliyewaacha. Sehemu za ubongo zilizochangamka ni pamoja na zile zinazohusika na hamu kali ya kokeini. Mtu aliyewahi kuachwa na akashindwa kufuta namba ya simu hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba kadiri siku zilivyopita tangu kuachwa, ndivyo eneo moja linalohusiana na kushikamana na mtu lilivyopoa.

Matokeo hayo yanawabana waandishi. Ikiwa muda unapoza, miaka tisa haiwezi kufutwa kwa kukumbatiana mara moja Kilombero, na anayejaribu hivyo huwapoteza wasomaji wake haraka. Wale mahiri huwakutanisha wapenzi mapema, kisha hutumia sehemu nyingi zinazofuata kuwaacha waulizane: ulikuwa wapi mama yangu alipougua, nani alikwambia nimekusahau, hela ya kwanza ya tanzanite uliifanyia nini.