Petroli Ifaayo kwa Safari ya Pwani na Milimani

Maneno haya yameandikwa kwa ajili ya mkulima au mchuuzi wa Horohoro mwenye gari la mizigo litumialo petroli, achukuaye nazi na machungwa mpaka Lushoto na kurudi na kabeji na viazi. Gari lake huondoka nchi ya chini karibu na bahari, hupita Tanga, Muheza, Korogwe na Mombo, kisha hupanda Usambara mpaka kimo cha mita 1,400 hivi. Wengi huuliza kama mlima wahitaji petroli yenye okteni kubwa zaidi. La, hauhitaji. Walakini usidhani ya kuwa petroli hafifu yafaa kwa safari nzima.

1. MAANA YA OKTENI

Nambari ya okteni si kipimo cha nguvu. Ni kipimo cha jinsi petroli istahimilivyo kushindiliwa bila kulipuka yenyewe. Ndani ya silinda, pistoni hushindilia hewa pamoja na mvuke wa petroli. Ndipo cheche ya plagi huuwasha, na moto huenea kwa taratibu yake. Petroli isiyostahimili, sehemu yake hulipuka kabla moto haujaifikia. Hapo utasikia injini ikigonga, mfano wa kokoto zitikiswazo ndani ya debe. Kugonga huko kukizidi, pistoni huweza kutoboka, na gharama ya kuitengeneza injini ikameza faida ya mavuno.

2. HEWA YA MLIMANI

Kila upandapo, hewa huwa nyepesi. Katika kimo cha Lushoto, kani ya hewa hupungua kiasi cha sehemu 15 katika 100 kuliko pwani. Silinda hupata hewa chache, mshindilio wake hupungua, na kugonga hupungua vilevile. Nguvu ya injini nayo hupungua karibu kwa kiasi hicho, wala petroli ya bei kubwa haiwezi kuirudisha. Basi usitupe fedha: punguza mzigo, na ubadili gia mapema. Injini ya kabureta, ikitoa moshi mweusi huko juu, yapata petroli nyingi kuliko hewa. Mpe fundi airekebishe.

Kwa sababu hiyo, katika mji wa Denver, Marekani, wenye kimo cha mita 1,600 hivi, huuzwa petroli ya nambari 85, ambapo nchi za chini hutumia 87. Desturi hiyo ilianza zamani za kabureta. Usifananishe nambari hizo na zetu, maana Wamarekani hupima kwa njia nyingine. Tena, injini za siku hizi zenye kompyuta, na hasa zenye turbo, hujisukumia hewa au hujirekebisha zenyewe. Hizo zahitaji nambari ileile mahali pote.

3. HATARI I KATIKA KURUDI

Petroli hafifu iliyovumilika Lushoto itakuwamo tangini ufikapo Mombo. Toka hapo hewa ni nzito, jua ni kali, na gari limejaa kabeji. Hapo ndipo injini itakapogonga. Kwa hiyo chagua petroli kwa ajili ya pwani, si kwa ajili ya mlima.

4. PETROLI ILIYOCHANGANYWA

Mafuta ya taa yakitiwa katika petroli, okteni hushuka sana. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania iliongeza ushuru wa mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji wa mafuta. Hata hivyo, petroli ya chupa au dumu iuzwayo kando ya njia haina dhamana. Shilingi chache uziokoazo hapo zaweza kukugharimu injini.

5. MAMBO YA KUSHIKA

(a) Soma nambari ya okteni katika kitabu cha gari au nyuma ya kifuniko cha tangi, wala usitumie iliyo chini yake.

(b) Usinunue iliyo juu yake kwa kutumaini nguvu. Kama gari haliihitaji, hupati kitu.

(c) Jaza tangi katika kituo kinachojulikana, nawe udai risiti.

(d) Ukisikia kugonga, legeza mguu, shusha gia, na upunguze mwendo. Kukiendelea, simama, umtafute fundi kabla ya kuendelea na safari.

Mwenye kuyashika haya atafika sokoni na mzigo wake, na gari litamrudisha nyumbani.