Kuchemsha au Kuloweka? Utoaji na Utambuzi wa Kampaundi za Majani ya Alizeti Mwitu katika Mpaka wa Busia na Tororo

Utangulizi

Alizeti mwitu (Tithonia diversifolia) ni mmea wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati ulioletwa Afrika Mashariki kwa sababu ya uzuri wa maua yake ya manjano. Baadaye ulitoka bustanini. Leo huota kandokando ya barabara na mipakani mwa mashamba pande zote mbili za mpaka wa Busia hadi Tororo, na kwa kuwa wengi huupanda kuzungushia boma, ni ua linaloota kwenye ua. Wakulima wa magharibi mwa Kenya huyafahamu majani yake kama mbolea: utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa majani makavu yana naitrojeni ya takribani asilimia 3.5 na potasiamu ya takribani asilimia 4. Majani hayohayo huchemshwa na kunywewa kwa ajili ya homa na maumivu ya tumbo. Makala haya yanashughulikia matumizi hayo ya pili, kwa hoja kwamba kitenzi kinachotumiwa kueleza utayarishaji wa jani si pambo la lugha. Ndicho kinachoonyesha ni kampaundi ipi iliyotolewa humo.

Uchungu na asili yake

Wasemaji wa Dholuo huuita mmea huu akech, na katika baadhi ya lahaja za Kiluhya huitwa amalulu. Majina yote mawili yanahusiana na uchungu. Uainishaji huu wa ulimi si wa kubezwa. Katika mimea ya jamii ya alizeti, uchungu wa majani mara nyingi hutokana na laktoni za seskuiterpeni, kampaundi ambazo mmea huzitengeneza ili kujikinga na wadudu na wanyama walao majani. Hata hivyo, ulimi hauwezi kusema kampaundi hizo ni ngapi, wala ipi kati yake ina nguvu gani. Hapo ndipo kazi ya maabara inapoanza.

Kutoa, kutenga, kutambua

Majani hukaushwa kivulini, husagwa, kisha hulowekwa katika kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoweza kuyeyusha sehemu ya vilivyomo. Kila kiyeyushi huchukua kinachofanana nacho. Maji huchukua zaidi sukari, chumvi na tanini. Etha huchukua nta, mafuta na nyingi kati ya laktoni chungu. Alkoholi husimama katikati. Kimiminika huchujwa na kuvukizwa, kikabaki kitu kizito chenye rangi ya kijani kibichi kinachoitwa dondoo. Dondoo si kampaundi. Ni mkusanyiko wa kampaundi nyingi, na mtu anayesema amepata “dawa ya jani” katika hatua hii amesema mapema mno.

Kutenga hufanywa kwa kromatografia: dondoo humiminwa juu ya bomba la kioo lililojazwa unga wa silika, na kila kampaundi hushuka kwa kasi yake. Neno hili limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika, kwa kuwa Mikhail Tswett, mtaalamu wa mimea aliyelipendekeza mwaka 1906, alikuwa akitenganisha rangi za majani.

Kutambua ni kazi ngumu zaidi. Spektrometa ya masi hupima uzito wa molekuli. Kwa tagitinini C, laktoni mashuhuri ya alizeti mwitu, uzito huo ni 348 na fomula yake ni C19H24O6. Lakini tagitinini F ina fomula hiyohiyo. Ni sawa na maneno mawili yenye herufi zilezile kwa mpangilio tofauti. Ili kuujua mpangilio, kampaundi huwekwa ndani ya sumaku yenye nguvu na kuchunguzwa jinsi viini vya atomi zake vinavyoitikia mawimbi ya redio.

Kitenzi kilichobadili tiba

Mwaka 2002 jarida la Planta Medica lilichapisha utafiti wa alizeti mwitu iliyochumwa São Tomé na Príncipe. Dondoo la etha liliua vimelea vya malaria maabarani, na tagitinini C ikabainika kuwa kiini cha nguvu hiyo, kwa kiwango cha mikrogramu 0.33 kwa mililita. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa takribani mikrogramu 0.7 zilitosha kudhuru seli za saratani ya binadamu zilizokuzwa maabarani. Umbali kati ya namba hizo mbili ni mdogo sana.

Tororo ni eneo ambalo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, mtu mmoja alikadiriwa kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Mahali kama hapo sentensi “majani haya yana dawa ya malaria” husafiri haraka. Kilichojaribiwa kilikuwa dondoo la etha. Kinachonywewa nyumbani ni maji ya majani yaliyochemshwa. Matokeo ya kwanza hayathibitishi ya pili, si kwa nguvu wala kwa usalama.

Historia ya artemisinini, ambayo nayo ni laktoni ya seskuiterpeni itokayo majanini, inaonyesha uzito wa tofauti hiyo. Tu Youyou wa China alikuwa akipata matokeo yasiyotabirika. Aliporejea maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4, aliona kwamba mmea ule ulilowekwa katika maji na kukamuliwa, haukuchemshwa. Akashuku kuwa joto huiharibu kampaundi, akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu, na mwaka 1972 artemisinini ikatengwa. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Vidonge vya artemetha na lumefantrini vinavyotolewa leo katika vituo vya afya vya Busia na Tororo vimetokana na kampaundi hiyo.

Kiswahili kinavyo vitenzi vya kazi hii tangu jikoni: kuloweka, kukamua, kuchemsha, kuchuja, kuvukiza. Kuvikusanya vyote ndani ya mkopo mmoja kama “kuekstrakti” ni hasara, maana mkopo huo hufuta jambo ambalo msikilizaji anahitaji kulijua. Tangu Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda lilipokubali Kiswahili kuwa lugha rasmi, kuna sababu zaidi ya maelezo ya afya kuandikwa kwa istilahi moja pande zote mbili za mpaka. Kwa majani haya, neno dondoo lisiachwe peke yake: liandikwe dondoo la maji, dondoo la alkoholi au dondoo la etha, na kando yake itajwe kampaundi iliyotambuliwa, au isemwe wazi kwamba bado hakuna iliyotambuliwa.