Faida au Mapato?

Juma hili nataka tufanye hesabu. Kama una kalamu karibu, ichukue.

Mdogo wangu anaendesha teksi mjini Columbus, jimbo la Ohio, huko Marekani. Gari ni lake, bosi ni yeye, na karani ni yeye pia. Korona ilipoingia mwaka 2020, abiria wakatoweka. Serikali ya Marekani ikatoa mkopo wa kuwanusuru wenye biashara, unaojulikana kwa kifupi kama PPP. Sheria yake ilitiwa saini Machi 27, 2020. Riba ilikuwa asilimia 1, na mkopaji aliyezitumia fedha kama ilivyoagizwa alisamehewa deni lote.

Waliojiajiri wenyewe walianza kupokelewa Aprili 10. Hapo likazuka swali. Mkopo ulipimwa kwa mishahara, na mtu aliyejiajiri hajilipi mshahara. Anakula kinachobaki. Serikali ikajibu kwamba kinachobaki ndicho mshahara wake.

Kinachobaki kinaonekana wapi? Aliyejiajiri kama mdogo wangu hujaza fomu ya kodi ya mapato iitwayo Jedwali C. Mstari wa 7 unaonyesha mapato kabla ya kutoa gharama za kuendesha biashara. Mstari wa 31 unaonyesha faida baada ya gharama zote. Benki iliagizwa ichukue mstari wa 31 wa mwaka 2019, igawe kwa miezi 12, kisha izidishe kwa 2.5. Faida iliyozidi dola 100,000 haikuhesabiwa, kwa hiyo kiwango cha juu kilikuwa dola 20,833.

Sasa tumchukue dereva aliyeingiza dola 48,000 mwaka 2019. Ameendesha maili 50,000 za kazi. Sheria ya kodi ya mwaka ule ilimruhusu kukata senti 58 kwa kila maili, yaani dola 29,000. Simu, leseni na gharama nyingine za kazi tuseme ni dola 7,000. Faida yake ni dola 12,000. Gawa kwa 12, unapata 1,000. Zidisha kwa 2.5, mkopo ni dola 2,500. Na yule ambaye gharama zilimeza mapato yote, mstari wa 31 ukawa sifuri, hakupata kitu kama hakuwa na wafanyakazi.

Angalieni ugumu wake. Kila Aprili mhasibu humsifu mtu huyu kwa kuorodhesha gharama zake zote, maana kodi hupungua. Siku ya shida, orodha ile ile ndiyo iliyompunguzia msaada. Tena wakati huo gari limeegeshwa, lakini bima inadai.

Hata msamaha ulikuwa na hesabu yake. Mwanzoni mtu angeweza kujihesabia faida ya majuma 8 tu kati ya 52. Kwa dereva wetu hiyo ni dola 1,846. Zile 654 zilizobaki zilipaswa kwenda kwenye kodi ya pango, umeme na gharama nyingine zilizoruhusiwa, la sivyo azirudishe. Sheria ya Juni 5, 2020 ilirefusha muda hadi majuma 24, na mkopo wote ukaweza kuhesabiwa kuwa malipo yake mwenyewe. Hapo mambo yakapoa.

Mapema mwaka 2021 ukaja mkopo wa pili, kwa wale ambao mapato yao yalishuka kwa asilimia 25 au zaidi katika robo yoyote ya mwaka 2020. Mdogo wangu, ambaye hesabu zake hazipishani sana na za mfano wetu, aliomba Januari. Benki yake ikatumia mstari wa 31 kama kawaida. Fedha zikaingia Februari.

Februari 22, Rais Joe Biden akatangaza kwamba hesabu ya waliojiajiri itabadilishwa. Mwanzoni mwa Machi kanuni mpya ikatoka. Sasa mtu aliruhusiwa kutumia mstari wa 7, mapato kabla ya gharama. Turudi kwa dereva wetu: 48,000 gawa kwa 12 ni 4,000, mara 2.5 ni dola 10,000. Ni mtu yule yule, gari lile lile, fomu ile ile, na mkopo umekuwa mara nne.

Lakini kanuni haikurudi nyuma. Ambaye mkopo wake ulikuwa umekwisha kuidhinishwa hakuruhusiwa kuhesabiwa upya. Tumezoea kuambiwa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Safari hii mwana alichukuliwa na waliochelewa. Jirani wa mdogo wangu, dereva mwenzake, alikuwa anasitasita kuomba tangu Desemba. Akaomba Machi.

Mdogo wangu alikwenda benki kuuliza. Karani alimwonyesha tarehe ya kuidhinishwa, akamwambia hana la kufanya. Mpango wote ulifungwa Mei 31, 2021.

Nilipompigia simu kumpa pole, alinijibu, "Kaka, wenzangu wananiuliza nilikosea wapi kwenye fomu. Nawaambia fomu ilikuwa sawa, nilikosea kuwahi."