Fyuzi ya 40 Haitapoza Soketi

"Fundi, nipe fyuzi ya 40. Hii ya 30 haihimili."

Juzi nimeambiwa hivyo tena, pale Buzuruga, hapa Mwanza, na dereva wa Noah aliyefika mvuke ukitoka chini ya boneti. Feni ya rejeta ilikuwa imesimama kimya. Mkononi alishika fyuzi ya kijani iliyoyeyuka. Mfukoni alishanunua ya rangi ya chungwa. Ombi hili nimelijibu kwa mdomo hadi koo limekauka. Leo nalijibu kwa maandishi.

Kwanza, fyuzi iliyoungua usiitupe, itazame. Ikiwa umeme ulizidi, kile kiungo chembamba cha katikati huwa kimekatika. Ya huyu bwana kiungo kilikuwa kizima kabisa. Kilichobabuka ni plastiki, tena upande wa mguu mmoja tu, na mguu wenyewe umegeuka kahawia. Huo si ugonjwa wa fyuzi. Soketi imelegea, mguu unagusa kwa ncha tu, na pale unapogusa ndipo pamegeuka jiko.

Hesabu yake ni ya darasani. Chukua feni inayovuta ampea 20. Soketi iliyolegea ikiweka ukinzani wa moja ya kumi ya omu, joto linalozaliwa pale ni wati 40. Wati 40 ndicho kifaa cha fundi redio cha kuyeyushia risasi! Sasa kiwashe ndani ya kisanduku cha plastiki, kila mara ukiwa kwenye foleni, uone kitakachobaki.

Ukichomeka fyuzi ya 40, umebadilisha nini hapo? Soketi imelegea vilevile, feni inavuta ampea zilezile, na joto ni lilelile. Tena fyuzi ikikaa karibu na joto hukatika kabla hata ya kufikia namba iliyoandikwa juu yake, ndiyo maana ya 30 huonekana dhaifu. Si dhaifu. Inapikwa.

Na kama kweli kiungo cha kati kimekatika? Hapo fyuzi kubwa ni hatari zaidi. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya. Kiwanda kilipima unene wa ule waya, kikaona fyuzi ya ampea 30 ndiyo mwisho wake. Feni ikianza kukwama kwa sababu bushi zimekauka, itavuta umeme mwingi kuliko kawaida, na fyuzi ya 30 itakata kama ilivyoagizwa. Ya 40 itavumilia. Asiyevumilia ni waya, na waya ule umefungwa kitita kimoja na wenzake wa sensa na wa kompyuta ya injini. Ganda likiyeyuka huko ndani hutakuja kwangu na fyuzi mkononi. Utakuja umevutwa kwa kamba.

Wale wa karatasi ya fedha ya sigara na wa uzi wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa redio sitawajadili. Huko ni kuondoa fyuzi kabisa na kubaki na sura yake. Wapo pia mafundi wa "dairekti", wanaounga feni kwenye swichi ya funguo izunguke asubuhi hadi jioni. Gari halichemki, mteja anafurahi, na mota inakula kaboni zake hata pale ambapo feni haikuhitajika. Ikifa, anarudi akisema feni za mtumba siku hizi ni mbovu.

Niseme na la hapa kwetu. Wadudu wa ziwani, wale wanaopanda angani kama moshi, hujazana kwenye mapezi ya rejeta; hewa haipiti, feni inazunguka muda mrefu, soketi inapata joto zaidi. Wengine huosha injini kwa mashine ya presha na maji yanajipenyeza kwenye soketi. Kutu inayofuata huongeza ule ukinzani nilioutaja. Zamani foleni ya kivuko cha Kigongo ilinipa wateja kila wiki. Tangu daraja la JPM lifunguliwe pale Juni 2025 wamepungua, lakini taa za mjini bado zinanitunza. Gari likiwa mbioni upepo huisaidia rejeta. Likisimama, feni iko peke yake.

Matengenezo basi, kwa haraka. Chomoa betri. Zungusha feni kwa mkono. Ikigoma, badilisha mota kabla hujagusa waya. Kata waya hadi ukute shaba inayong'aa. Iliyogeuka nyeusi haishiki kitu, kata tu. Soketi iliyoyeyuka haisafishwi kwa msasa: weka kishikio kipya cha fyuzi, terminali ziminywe kwa koleo lake, si kusokota na kufunga tepu. Waya wa kuongezea usiwe mwembamba kuliko wa kiwanda. Fyuzi ni ya namba ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku. Tazama miguu ya rilei, mara nyingi nayo imebabuka. Safisha ardhi ya feni. Mwisho pima ampea feni ikiwa inafanya kazi, na baada ya dakika kumi shika kishikio: vuguvugu ni sawa, kikikuunguza rudia kazi.

Feni ikikufia njiani, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho, egesha. Mshale wa joto ukizidi kupanda, zima injini. Mfuniko wa rejeta usiuguse hadi ipoe.

Yule wa Noah nilimwekea kishikio kipya na fyuzi ya 30. Ile ya 40 bado iko mezani kwangu, hajarudi kuichukua.