Dawa ya Wadudu ni Sumu kwa Mtu Pia

Bwana Mkulima, ile unayonyunyizia nyanya, kabichi au kahawa tumezoea kuiita dawa. Kwa mwili wako si dawa, ni sumu. Nyingi katika sumu hizi humwua mdudu kwa kuharibu mishipa yake ya fahamu, na mishipa ya mtu hudhurika vivyo hivyo.

Wengi hudhani kwamba asiyeinywa hadhuriki. Sivyo. Sumu hupenya katika ngozi, tena pasipo kuuma. Hatari huzidi wakati wa kuchanganya, kwa sababu sumu ya chupani haijatiwa maji bado. Basi usikoroge kwa mkono, tumia kijiti. Vaa glavu na viatu vya mpira, na nguo ndefu. Mdomo wa bomba ukiziba, usiupulize kwa kinywa.

Angalia upepo kwanza. Katika skimu mashamba yetu yamepakana, na sumu yako yaweza kuwafikia watoto wa jirani. Usioshe bomba mtoni, maana wako wanaoteka maji huko chini. Nguo za kazi zifuliwe mbali na nguo nyingine, na mwenye kuzifua avae glavu.

Tangu sheria ya mwaka 1982, kila dawa ya wadudu inayouzwa Kenya yapasa kusajiliwa. Usinunue iliyopimwa katika chupa isiyo na karatasi yake. Mstari mwekundu kwenye karatasi hiyo ni alama ya sumu kali kabisa. Nawe usiitie sumu katika chupa ya soda: mtoto ataona soda, atakunywa.

Ukiisha kunyunyiza, kisha ukaumwa kichwa, ukatokwa na jasho na mate mengi, ukatapika, usiseme ni malaria ukanunua vidonge dukani. Vua nguo, oga kwa sabuni na maji mengi, nenda hospitali upesi. Chukua karatasi ya chupa, ili daktari ajue ni sumu gani. Ziko sumu zinazotibiwa kwa atropini, lakini hiyo hutolewa na daktari. Maziwa hayaondoi sumu hii, wala usimtapishe mgonjwa.

Mwisho, hesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna kama zilivyoandikwa. Anayenunua nyanya zako sokoni hakuiona chupa, amekuamini wewe. Ukiwa na shaka, muulize Afisa wa Kilimo kabla hujafungua kifuniko.