Mgombea Aliyehesabu Gharama

Sogeeni karibu na redio, na mwenye daftari alifungue.

Leo tuna neno moja la kuandika kwanza. Neno hilo ni mgombea. Mgombea ni mtu anayeomba kura ili achaguliwe. Andikeni polepole: m-go-mbe-a. Vizuri. Sasa tutasoma habari za mgombea mmoja, na mambo aliyowaambia watu wake.

Nchi ya Marekani ni muungano wa majimbo mengi. Kila jimbo lina baraza lake la kutunga sheria, mbali na lile baraza kubwa la nchi nzima. Wajumbe wa baraza la jimbo hushughulika na mambo yaliyo karibu na watu: barabara, madaraja, shule na kodi.

Mwaka 1832, katika jimbo la Illinois, kijana wa miaka 23 aliomba kura ili aingie katika baraza hilo. Jina lake Abraham Lincoln. Ndiye yule aliyekuwa Rais wa Marekani mwaka 1861. Lakini wakati huo hakuwa na mali wala ndugu wenye cheo. Alikaa katika kijiji kidogo kiitwacho New Salem, kando ya mto Sangamon. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba siku zote alizokwenda shule, zikijumlishwa, hazitimii mwaka mmoja. Mengi aliyoyajua alijisomea mwenyewe.

Mwezi wa Machi aliwaandikia watu wa wilaya yake barua, nayo ikachapwa katika gazeti la mji wa Springfield. Alieleza mambo matatu makubwa. Tuyatazame moja moja.

Jambo la kwanza ni njia ya kupeleka mazao sokoni. Wakulima walivuna, lakini soko lilikuwa mbali. Watu wengi walitaka reli. Lincoln alikubali kwamba reli ni kitu chema, maana haisimami kwa sababu ya maji ya mto kujaa au kupungua, wala kwa sababu ya baridi kali. Lakini aliwataka watu watazame gharama. Gharama ni fedha zinazotumika kufanya jambo. Reli ile ilikadiriwa kugharimu dola 290,000. Akasema mzigo huo ni mzito mno kwa watu wachache wenye uwezo mdogo. Afadhali kwanza watengeneze mto: waondoe magogo yaliyoziba njia, tena wachimbe njia iliyonyoka pale mto unapopindapinda.

Mto huo aliujua kwa macho yake. Mwaka 1831 aliushuka kwa mashua pana yenye shehena, ikakwama juu ya ukuta wa kuzuilia maji ya kinu pale New Salem. Halafu alifanya kazi katika kinu hicho, akawa anatazama jinsi maji yanavyopanda na kushuka. Hata hivyo hakujifanya kujua kila kitu. Alisema wazi kwamba gharama ya kutengeneza mto hawezi kuitaja.

Jambo la pili ni riba. Ukikopa dola 100 ukatakiwa kurudisha dola 150, zile 50 za ziada ndizo riba. Walikuwapo watu waliokopesha kwa riba kubwa mno. Lincoln alitaka sheria iweke mpaka. Lakini hakuficha kwamba mtu mwenye shida kubwa hakosi njia ya kuikwepa sheria kama hiyo.

Jambo la tatu ni elimu. Hili aliliweka juu ya yote. Alitaka kila mtu apate angalau elimu ya kiasi, aweze kusoma habari za nchi yake na za nchi nyingine, na kujua thamani ya kujitawala.

Mwisho wa barua alisema kwamba huenda amekosea, na akigundua kosa yuko tayari kuyaacha maoni yake.

Je, alishinda? Hakushinda. Wagombea walikuwa 13 na nafasi zilikuwa 4. Yeye akawa wa nane. Lakini pale New Salem, kwa watu waliomjua, alipata kura 277 katika kura 300. Kura wakati ule haikuwa ya siri. Mpiga kura alitaja kwa sauti jina la mtu anayemtaka. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura, wala watu weusi. Mwaka 1834 Lincoln aliomba tena, akachaguliwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 1837 baraza lile, Lincoln akiwa mjumbe, lilipitisha sheria ya kutumia kama dola milioni 10, nyingi zikiwa za mkopo, kujenga reli na kutengeneza mito na barabara mahali pengi kwa mara moja. Lincoln, yule aliyeiogopa gharama ya dola 290,000, aliiunga mkono sheria hiyo. Mwaka uleule biashara ikaanguka Marekani nzima. Kazi nyingi zilisimama katikati, na deni likabaki. Wazee wetu wamesema: kukopa harusi, kulipa matanga. Waliolipa ni wananchi, kwa kodi zao, miaka mingi.

Tunajifunza nini? Mgombea mwema anataja shida, anataja dawa yake, na anataja bei ya dawa hiyo. Tena hasemi anajua asilolijua. Lakini hata mgombea mwema anaweza kusahau akishaingia barazani. Kwa hiyo mpiga kura asiulize siku ya uchaguzi tu. Aulize kila mwaka: fedha zitatoka wapi, na nani atalipa? Na mtu anayejua kusoma na kuhesabu hadanganyiki upesi, maana karatasi ya hesabu ataisoma mwenyewe.

Baada ya kipindi, zungumzeni na mwalimu wenu maswali haya:

1. Kwa nini Lincoln alitaka mto utengenezwe kabla ya reli?
2. Riba ni nini? Toeni mfano wenu wenyewe.
3. Mgombea akija kwenu na kuahidi daraja, mtamwuliza maswali gani?

Andikeni majibu kwa maneno yenu wenyewe, mistari mitatu kwa kila swali.