Atawalaye Hewa Hutawala Moto: Namna ya Kulirekebisha Pipa la Kuchomea Nyama

Pipa la chuma likishamaliza kazi yake ya kwanza aghalabu halitupwi. Katika kambi za askari, katika kota za polisi na kando ya barabara kuu, pipa hilo hukatwa, likatiwa mkaa na kuwekewa nondo chache juu yake, na jioni ile ile likaanza kuchoma nyama, kuku au samaki. Kwa familia nyingi chombo hicho kina maana kubwa kupita jiko. Ada za shule hutoka hapo, na sabuni, na mafuta ya kupikia, wakati siku ya mshahara ingali mbali.

Hata hivyo, pipa lililokatwa na kuachwa hivyo hivyo hufanana na punda alaye sana na kubeba kidogo. Hula mkaa mwingi, huunguza nyama kwa nje na kuiacha mbichi kwa ndani, na humjaza mpishi moshi machoni tangu magharibi hadi usiku wa manane. Mkaa wenyewe si kitu cha kuchezewa. Mwezi Mei 2023 Amri ya Rais ilipiga marufuku ukataji wa miti kwa mkaa wa biashara katika Kaskazini mwa Uganda, kwa kuwa misitu ilikuwa ikimalizika. Basi mwenye pipa ana njia mbili mbele yake: kuendelea kuongeza mkaa kila jioni, au kulirekebisha pipa lake mara moja. Njia ya pili yahitaji fundi, siku chache za kazi na vipande vya chuma vipatikanavyo katika karakana za kawaida.

KWA NINI PIPA LA KAWAIDA HUSHINDWA

Nguvu ya moto wa mkaa hutegemea hewa. Hewa ya moto hupanda juu. Ikipata tundu la kutokea, huivuta hewa mpya iingie kwa chini, na hiyo hewa mpya ndiyo chakula cha moto. Mwenye kuliziba tundu la chini kidogo huupunguzia moto chakula chake. Mwenye kulifungua huuongezea. Kanuni ni hiyo moja tu, na karibu marekebisho yote yatakayoelezwa hapa yanaitumikia.

Pipa la kawaida lina kasoro nne. Kwanza, hewa huingia popote itakapo, kwa hiyo moto huwaka kwa fujo upepo ukivuma na kufifia upepo ukitulia. Pili, mkaa hulala sakafuni katika majivu yake wenyewe, na majivu huukaba. Tatu, mafuta ya nyama hudondoka moja kwa moja juu ya makaa, yakazua ndimi za moto na masizi. Nne, joto jingi hupotea kupitia ukuta mwembamba wa chuma, likamchoma mpishi miguuni badala ya kuivisha chakula.

MAFUNZO KUTOKA KWINGINE

Kasoro hizi zimepata kushughulikiwa na watu wa nchi mbalimbali, na kila mmoja ametuachia funzo lake. Mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa katika karakana ya Weber Brothers huko Chicago, Marekani, alitumia nusu za boya la chuma kutengeneza jiko la mviringo. Jiko hilo lilikuwa na kifuniko chenye matundu ya hewa, na tangu hapo majiko ya namna yake yameenea duniani. Funzo lake ni kifuniko kinachofunga vizuri na matundu yanayoweza kufunguliwa na kufungwa.

Jirani zetu wa Kenya, mapema katika miaka ya 1980, walieneza jiko la mkaa lenye umbo la kiuno chembamba, ambalo ndani ya bati lake mna bitana ya udongo uliochomwa. Wazo hilo lilichukuliwa kutoka majiko ya ndoo ya Thailand. Udongo huzuia joto lisikimbie, na mkaa ule ule ukapika zaidi. Huko Senegal nako, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na chuo cha uvuvi cha Thiaroye, lilitengeneza tanuri la kukaushia samaki ambalo lina sinia la kupokea mafuta yasifike motoni. Funzo la tatu ni hilo la sinia.

KUCHAGUA NA KULIKATA PIPA

Pipa lifaalo ni la lita 200, lenye kipenyo cha sentimita 57 hivi na urefu wa karibu sentimita 88. Lichaguliwe lililobeba mafuta ya kupikia, juisi au chakula kingine. Pipa lililobeba dawa za mimea, asidi au rangi lisitumike kamwe. Na pipa la petroli, hata likionekana tupu na kavu, lina mvuke uliobaki ndani ambao cheche moja ya mashine ya kuchomelea huweza kuulipua. Mafundi wamepoteza maisha kwa njia hiyo. Hakuna bei rahisi ya pipa inayolingana na hatari hiyo.

Lililo bora ni pipa lenye kifuniko kinachotoka na pete ya kukibana. Likikosekana, pipa lililofungwa hukatwa kuzunguka ukuta wake, sentimita 10 chini ya ukingo wa juu, kwa tindo na nyundo. Kingo zote zisuguliwe kwa tupa ili zisikate mikono. Kisha ukanda wa chuma wenye upana wa sentimita 5 ufungwe kwa bolti ndani ya kile kipande cha juu, nusu yake ikining'inia chini, ili kikaapo juu ya pipa pasiwe na mwanya.

Kabla ya kazi nyingine yoyote, moto mkubwa wa kuni uwashwe ndani ya pipa, nje mahali pa wazi, mpaka rangi yote iungue na kubanduka. Likipoa, lisuguliwe kwa brashi ya waya na kuoshwa.

MAREKEBISHO MATANO

1. Matundu ya hewa. Fundi atoboe kwa keekee matundu matatu ya milimita 20 kila moja, kuzunguka pipa, sentimita 5 kutoka chini. Kila tundu lifunikwe kwa kibati kinachozunguka juu ya bolti moja, ili liweze kufunguliwa lote, nusu, au kufungwa kabisa. Juu ya kifuniko, lile tundu la kizibo kikubwa, ambalo kwa kawaida lina upana wa milimita 50, latosha kuwa dohani. Kizibo chake kisitupwe; kitahitajika wakati wa kuzima.

2. Kikapu cha mkaa. Kitengenezwe kwa nondo nyembamba na wavu mgumu wa chuma, kipenyo sentimita 40 na kimo sentimita 20. Kisimame juu ya miguu ya sentimita 7, ili majivu yaanguke chini na hewa ipite kati yake. Sahani ya chuma chini ya kikapu hurahisisha kuyatoa majivu.

3. Sinia. Katikati ya kikapu na wavu wa nyama liwekwe sinia la chuma lenye kipenyo cha sentimita 45, likiegemea bolti tatu. Joto na moshi hupita pembeni mwake. Mafuta hubaki juu yake. Likitiwa maji kidogo, joto ndani ya pipa hutulia na nyama haikauki upesi. Maji yasiachwe kukauka, maana mafuta yaliyomo yaweza kuwaka.

4. Wavu wa nyama. Kwa kukausha polepole, wavu ukae sentimita 60 juu ya kitako cha kikapu. Fundi afunge pia bolti nyingine za chini, sentimita 25 juu ya mkaa, ili siku ya mchomo wa haraka sinia liondolewe na wavu ushushwe.

5. Bitana ya udongo. Udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa upakwe ndani ya pipa kwa unene wa sentimita 4, kutoka chini hadi kimo cha kikapu, pasipo kuziba matundu ya hewa. Uachwe ukauke kivulini siku kadhaa, kisha uwashiwe moto mdogo kwanza. Ukiharakishwa, hupasuka.

Katika kazi hizi zote mabati ya kuezekea nyumba yasitumike mahali penye moto. Yamepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa mafusho yaletayo homa na maumivu ya kifua. Mwishowe, ukuta wa ndani wa chuma upakwe mafuta ya kupikia na pipa liwashwe saa mbili au tatu bila chakula, ili lisishikwe na kutu.

KUPIMA JOTO

Kipimajoto chenye mshipi wa chuma chaweza kupenyezwa ukutani, usawa wa wavu wa nyama. Kabla ya kukiamini, kijaribiwe katika maji yanayotokota. Hapa yafaa ikumbukwe kwamba maji ya nchi za juu hutokota mapema kuliko ya pwani: Kampala ni karibu nyuzi 96 za sentigredi, na Kabale ni karibu nyuzi 94. Kipimajoto kisomacho hivyo katika miji hiyo ni kizima, wala si kibovu.

KUWASHA NA KUENDESHA

Wengi huwasha mkaa wote kwa pamoja, kisha wakashangaa ukiisha mapema. Iliyo njia bora ni kukijaza kikapu mkaa ambao haujawashwa, kisha makaa machache yaliyokolea katika sigiri yakawekwa juu yake katikati. Moto hushuka polepole, na kikapu kimoja chaweza kuhudumu kwa saa nyingi.

Matundu yote matatu yafunguliwe mwanzoni. Kipimajoto kifikapo nyuzi 90, tundu moja lifungwe. Karibu na nyuzi 105, lifungwe la pili. Lengo ni kukaa kati ya nyuzi 110 na 130. Mpishi asisubiri joto lipite ndipo afunge, kwa sababu kulishusha joto lililopanda huchukua muda mrefu kuliko kulipandisha. Dohani ya juu ibaki wazi wakati wote wa kupika. Ikizibwa, moshi hulala juu ya nyama na kuipa uchungu. Kifuniko nacho kisifunuliwe kila dakika, maana kila kifunuliwapo joto hutoka na hewa nyingi huufikia moto.

Kwa harufu nzuri, vipande vichache vya mti mkavu wa mwembe, mpera au mkahawa huwekwa juu ya makaa. Moshi mweupe mzito ni dalili kwamba moto unakosa hewa au kuni ni mbichi. Ungojewe mpaka uwe mwembamba, wa rangi ya samawati, ndipo nyama iingie. Misonobari na miti mingine yenye utomvu haifai. Mbao zilizopakwa rangi, vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa, na mifuko ya kavera ya kuwashia moto ni sumu kwa mlaji na kwa mpishi.

Kazi ikiisha, matundu ya chini yafungwe na dohani itiwe kizibo. Moto hufa kwa kukosa hewa, na mkaa uliobaki huwashwa tena kesho yake. Hapo ndipo mwenye pipa aionapo akiba yake kwa macho.

USALAMA WA MLAJI NA WA NYUMBA

Rangi nzuri ya nje haithibitishi kwamba nyama imeiva. Kuku afikie nyuzi 74 katika sehemu nene ya paja. Samaki wa kukaushwa kwa moto afikie angalau nyuzi 63 katika sehemu yake nene na kukaa hapo kwa nusu saa. Tena moshi peke yake hauhifadhi chakula. Samaki aliyeiva lakini bado ana maji mwilini huharibika kama samaki mwingine aliyepikwa. Wa kusafirishwa mbali hana budi kutiwa chumvi na kukaushwa sana.

Mafuta yanayodondokea motoni huzaa sumu kadhaa, mojawapo ikiwa benzopireni, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tangu Septemba 2014 nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha mikrogramu 2 za sumu hiyo kwa kila kilo ya nyama au samaki wa moshi. Sinia lililoelezwa hapo juu ndilo kinga ya kwanza ya mwenye pipa, naye hulilipia mara moja tu.

Hatari kubwa kupita zote haionekani wala hainuki. Mkaa uwakao hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo humlaza mtu usingizi asiamke tena. Pipa lipikie nje, mbali na madirisha. Usiku wa baridi, pipa au sigiri yenye makaa isiingizwe chumbani kuwapasha watoto joto, hata yaonekanapo kuwa yamekaribia kuzimika.

Mwenye fedha chache haimpasi kungoja mpaka aweze yote. Aanze na kifuniko kisicho na mwanya na matundu matatu ya hewa; mwezi ujao aongeze kikapu, kisha sinia, na udongo uje mwisho. Haba na haba hujaza kibaba, na mkaa unaosalia kila usiku utasaidia kulipia kazi ifuatayo.